Vital'O 1992: Msimu Uliohukumiwa kwa Mabao Manne

Historia ya Burundi imezoea kusimuliwa kutoka Kigobe. Mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura ndipo Bunge linapokutana leo, na mwandishi anayetaka kueleza mwaka wowote wa nchi yetu huanza na kilichopitishwa na wabunge, kilichotiwa saini na rais, au kilichogombaniwa na vyama. Kwa mtindo huo, mwaka 1992 umebaki na jambo moja tu vitabuni: katiba iliyopigiwa kura ya maoni mwezi Machi na kufungua mlango wa vyama vingi. Lakini mwaka huohuo klabu moja ya Bujumbura, Vital'O, ilicheza fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Africa Sports ya Abidjan. Mchezo wa kwanza, hapa Bujumbura, ulikwisha kwa sare ya 1-1. Wa marudiano, kule Abidjan, Vital'O ilifungwa 4-0. Hakuna klabu nyingine ya Burundi iliyowahi kufika fainali ya mashindano ya klabu ya bara zima. Na bado, msimu huo ukitajwa, hutajwa kwa moja ya njia mbili: wapo wanaosema ilikuwa bahati ya droo iliyofichuliwa na yale mabao manne, na wapo wanaosema ulikuwa muujiza wa nchi ndogo. Hoja ya makala haya ni kwamba wote wawili wamekosea, na kwamba kosa lao linatokana na kuisoma fainali ile peke yake. Ikisomwa pamoja na fainali za jirani zake wa miaka ileile, msimu wa 1992 unaonekana ulivyokuwa: kipimo halali cha uwezo wa mpira wa Bujumbura, uliokuwa umefika kimo cha Afrika Mashariki yote, kabla vita havijaufungia njia.

Usuli wa mambo haya unajulikana, hauhitaji kurefushwa. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zamani, ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikachukuliwa na Wabelgiji mwaka 1916, ikawa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Mpira uliingia kama ulivyoingia kwingineko, kupitia shule, misheni na utawala, kisha ukashika mizizi katika mitaa ya wenyeji, hasa Buyenzi na Bwiza. Jambo moja la kipindi hicho lina uzito kwa hoja yetu. Wakati Kenya na Uganda zilipoanza kugombea Kombe la Gossage mwaka 1926, na Tanganyika na Zanzibar zikajiunga baadaye, Urundi ilikuwa nje ya duara hilo. Mipaka ya wakoloni iliuelekeza mpira wetu Kongo, upande wa magharibi, huku watu, biashara na Kiswahili vikituunganisha na mashariki. Shirikisho la kandanda la Burundi linahesabu umri wake tangu 1948. Klabu ambayo leo ni Vital'O ilianza mwaka 1957 ikiitwa Rwanda Sport, na ikabadili majina hadi ikashika jina la sasa miaka ya 1970. Uanachama wa FIFA na CAF ulikuja mwaka 1972, mwaka ambao Warundi wanaukumbuka kwa msiba usiohusiana na michezo. Kombe la Washindi lenyewe lilianzishwa mwaka 1975. Kwa hiyo klabu iliyoshuka uwanjani Abidjan mwaka 1992 ilitoka katika nchi iliyokuwa na miaka 20 tu ndani ya mpira wa bara.

Sasa tuiangalie hati ambayo wanaoubeza msimu ule hawajaifungua. Si hati ya siri: ni orodha ya matokeo ya fainali za CAF, na kila mtu anaweza kuipata. Tatizo ni kwamba kila nchi imezoea kusoma mstari wake. Mganda anaujua wake, Mtanzania wake, Mkenya wake, Mrundi wake. Tukiisoma mistari hiyo kwa pamoja, kuanzia 1991 hadi 1994, tunakuta kwamba klabu za ukanda wetu ziliingia fainali za bara mara tano katika misimu minne. Mwaka 1991 Villa ya Kampala ilicheza fainali ya klabu bingwa na Club Africain ya Tunis. Mwaka 1992 Villa ilirudi, safari hii katika Kombe la CAF lililokuwa linachezwa kwa mara ya kwanza, ikakutana na Shooting Stars ya Ibadan, na ndio mwaka wa Vital'O na Africa Sports. Mwaka 1993 Simba ya Dar es Salaam ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Mwaka 1994 Kenya Breweries ilicheza fainali ya Kombe la Washindi na Motema Pembe ya Kinshasa. Zote tano zilishindwa. Lakini namna zilivyoshindwa ndiyo yenye somo.

Villa mwaka 1991 ilifungwa 6-2 Tunis, ikatoka 1-1 Kampala. Villa mwaka 1992 ilitoka 0-0 Kampala, ikafungwa 3-0 Ibadan. Vital'O ilitoka 1-1 Bujumbura, ikafungwa 4-0 Abidjan. Simba ilitoka 0-0 Abidjan, ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Kenya Breweries ilitoka 2-2 Nairobi, ikafungwa 3-0 Kinshasa. Katika michezo 10 ya fainali hizo, timu zetu hazikushinda hata mmoja. Zilitoka sare mitano na kufungwa mitano, zikapachika mabao 6 na kuruhusu 22. Tazama sasa fainali tatu kati ya hizo, ya Villa ya 1992, ya Vital'O na ya Breweries. Ni hadithi moja iliyorudiwa mara tatu, katika miji mitatu, na makocha na wachezaji tofauti: mchezo wa kwanza nyumbani, sare, wa marudiano ugenini Afrika Magharibi au ya Kati, kipigo cha mabao matatu au zaidi bila kupata bao. Mtu akisema Vital'O ilifungwa 4-0 kwa sababu haikustahili kuwa pale, basi aseme pia kwamba Villa, iliyokuwa imecheza fainali mbili mfululizo, haikustahili, na kwamba Breweries ya Nairobi haikustahili. Hakuna mwanahistoria wa mpira wa Uganda au Kenya anayekubali kusema hivyo. Kwa nini sisi tulikubali kwa upande wetu?

Sababu ya kufanana huko iko katika jinsi mashindano yalivyoendeshwa, na inafaa tuitazame kwa karibu. Kanuni ya bao la ugenini ilikuwa ikitumika: jumla ya mabao ikilingana, timu iliyofunga zaidi ugenini ndiyo inayoshinda. Baada ya 1-1 ya Bujumbura, Africa Sports ilikuwa tayari na bao lake la ugenini mfukoni. Sare ya 0-0 Abidjan ingeipa kombe. Vital'O kwa hiyo haikuwa na ruhusa ya kulinda lango na kusubiri, ilipaswa kufunga. Tuhesabu hatua kwa hatua. Mchezo ukiwa 0-0, Vital'O ilihitaji bao moja ili kushinda. Ikiwa nyuma 1-0, bao moja lingezifanya timu zilingane kabisa, na mabao mawili yangeipa kombe. Ikiwa nyuma 2-0, bado mabao mawili yaleyale yangetosha, kwa kuwa 2-2 ingemaanisha mabao mawili ya ugenini dhidi ya moja la Africa Sports. Yaani hata timu ikiwa imeshapigwa mabao mawili, hesabu iliiamuru iendelee kwenda mbele, iache nafasi nyuma, ijaribu tena. Timu yoyote inayocheza hivyo ugenini, mbele ya mashabiki wa mwenyeji, hujiweka katika hatari ya kufungwa la tatu na la nne. Hayo mabao ya mwisho hayapimi tofauti ya ubora. Yanapima gharama ya kulazimika kushambulia. Kinachopima ubora kwa haki zaidi ni mchezo wa Bujumbura, ambapo timu mbili zilianza zikiwa sawa na kumaliza zikiwa sawa.

Ulinganisho na Gor Mahia unaliweka jambo hili wazi. Mwaka 1987 klabu hiyo ya Nairobi ilitwaa Kombe la Washindi, na hadi leo ndiyo fahari kubwa ya mpira wa klabu nchini Kenya. Ilitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 Nairobi, ikashinda kwa mabao ya ugenini. Gor haikushinda mchezo wowote kati ya miwili ya fainali. Matokeo yake ya nyumbani yalikuwa 1-1, sawasawa na ya Vital'O. Tofauti ni mpangilio: Gor ilianza ugenini, ikapata mabao yake mawili ya thamani, ikarudi nyumbani ikiwa na kitu cha kulinda. Vital'O ilianza nyumbani na kwenda ugenini ikiwa na deni. Sisemi kwamba mpangilio peke yake ulitunyima kombe. Nasema kwamba matokeo yaleyale ya nyumbani yameifanya timu moja iimbwe kizazi hadi kizazi na nyingine ionewe aibu, na mwanahistoria hawezi kulipita jambo hilo bila kuhoji.

Pingamizi la kwanza linatoka Dar es Salaam. Simba mwaka 1993 ilikuwa na mpangilio mzuri: ilianza Abidjan, ikatoka 0-0, ikarudi nyumbani na ikafungwa 2-0. Kwa hiyo, msomaji atasema, kumalizia nyumbani si dawa. Ni kweli, na pingamizi hili ni la maana. Lakini linatupeleka kwenye jambo la pili ambalo wanaotubeza hawalipi uzito, nalo ni nguvu ya mpinzani. Klabu iliyoifunga Simba ilitoka Abidjan, kama ile iliyoifunga Vital'O mwaka mmoja kabla. Hiyo ilikuwa miaka ya neema ya Kodivaa. Januari 1992, timu yake ya taifa ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Senegal baada ya kuishinda Ghana kwa mikwaju ya penalti, 11-10. Abidjan ilikuwa na watu karibu milioni mbili kwa sensa ya 1988. Bujumbura, miaka hiyo, haikufika hata laki tatu. Vital'O kwa hiyo haikufungwa na timu ya kawaida katika mwaka wa kawaida. Ilifungwa na klabu ya mji mkubwa wa nchi iliyokuwa bingwa wa bara, katika mwaka uleule wa ubingwa.

Pingamizi la pili ni la wale wanaosema Kombe la Washindi lilikuwa la daraja la pili, kwamba timu kali zilikuwa katika klabu bingwa na sisi tulipenya mlango wa uani. Pingamizi hili halihitaji subira kubwa, kwa sababu matokeo yalilijibu miezi michache tu baadaye. Kombe la Super la Afrika lilipochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, likiwakutanisha bingwa wa klabu bingwa na bingwa wa Kombe la Washindi, Africa Sports iliishinda Wydad ya Casablanca kwa penalti. Na Africa Sports haikuishia hapo: mwaka huohuo ilifika tena fainali ya Kombe la Washindi, na aliyeizuia alikuwa Al Ahly ya Cairo. Timu iliyolazimishwa sare Bujumbura ilikuwa, kwa kipimo cha uwanjani, miongoni mwa mbili au tatu bora za Afrika. Anayeliita kombe lile la daraja la pili amesoma jina la mashindano na kuyaacha majina ya washiriki.

Linabaki pingamizi la bahati ya droo. Hili linapendwa kwa sababu ni gumu kulipinga moja kwa moja: timu yoyote iliyofika mbali inaweza kuambiwa ilipata njia rahisi. Lakini tukumbuke jinsi mashindano yale yalivyokuwa. Kila raundi ilikuwa na michezo miwili, nyumbani na ugenini. Bahati inaweza kuibeba timu dakika 90. Ni nadra kuibeba dakika 180 raundi baada ya raundi, kutoka kiwanja hadi kiwanja, kwa miezi. Tena tunao ushahidi wa nje ya klabu. Katika kampeni ya kufuzu Kombe la Mataifa la 1994, timu ya taifa ya Burundi ililingana na Guinea hadi ikabidi uchezwe mchezo wa ziada, na ikakosa tiketi kwa mikwaju ya penalti, 5-4. Nchi iliyofikisha klabu fainali ya bara, na muda mfupi baadaye ikabaki penalti moja tu kabla ya kufuzu kwa timu yake ya taifa, haikuwa nchi ya bahati. Kulikuwa na kizazi. Klabu na taifa vilikuwa vinapanda ngazi ileile kwa wakati mmoja, na jambo kama hilo huwa na sababu.

Sababu hizo nazitafuta katika jiji lenyewe. Mpira wa Burundi, kwa miongo mingi, ulikuwa mpira wa Bujumbura: klabu kubwa zilikuwa hapa, viwanja vilikuwa hapa, na wapinzani waliishi mitaa iliyopakana. Anayekaa Bwiza alikutana sokoni na mchezaji aliyemzomea jana. Ushindani wa karibu namna hiyo hukomaza wachezaji haraka kuliko ligi iliyotawanyika. Pili, Bujumbura ilikuwa bandari ya ziwa na mji wa njia panda. Uvira iko ng'ambo tu ya mpaka wa Gatumba, na Kigoma iko kusini zaidi, kando ya ziwa hilohilo. Watu wa Kongo, wa Rwanda na wa Tanganyika walikuwa wamejenga Buyenzi na mitaa jirani tangu enzi za wakoloni. Majina ya klabu yenyewe yanashuhudia: Rwanda Sport ya 1957, na Maniema Fantastique, inayobeba jina la eneo la mashariki mwa Kongo. Mji uliokusanya watu kutoka pande zote tatu ulikusanya pia mitindo yao ya mpira. Kipaji kilichokosa nafasi Uvira kilipata jezi Bujumbura, na mkufunzi wa mtaani alisikia mpira wa Kinshasa na wa Dar es Salaam redioni jioni moja. Hii ndiyo tafsiri inayoueleza msimu wa 1992 vizuri kuliko bahati: Vital'O ilikuwa timu ya mji wenye kina, uliopata nafasi ya kupimwa na bara na ukafaulu karibu mtihani wote.

Kwa sababu hiyo siungi mkono hata wale wanaouita msimu ule muujiza, ingawa nia yao ni njema na mapenzi yao kwa klabu ni ya kweli. Muujiza hauna mzazi wala mwalimu. Ukisema 1992 ulikuwa muujiza, umewafuta waliolea vijana kwenye viwanja vya vumbi, wafanyakazi waliochangia nauli, viongozi wa klabu waliosimamia ligi ya ndani miaka yote kabla. Umefuta pia swali la maana kuliko yote: ni nini kilichofanya timu ile iwezekane, na ni nini kilichofanya nyingine kama ile isitokee tena? Wanaobeza wanakataa swali hilo kwa kejeli. Wanaosifu kupita kiasi wanalikataa kwa sifa. Matokeo ni yaleyale.

Jibu la nusu ya pili ya swali hilo linajulikana kwa kila Mrundi. Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa rais. Oktoba 21 mwaka huohuo aliuawa, na nchi ikaingia vitani. Hapa pingamizi zito zaidi linasimama, nalo ni la kimaadili: mbele ya maelfu kwa maelfu waliokufa, ni haki gani ya kuomboleza fainali ya mpira? Nalichukua swali hili kwa heshima yote, na jibu langu ni kwamba historia ya msimu wa 1992 ni sehemu ya historia ya kile ambacho vita viliharibu. Uwezo niliouelezea ulitegemea mji uliochanganyika, ambapo kijana angeweza kuvuka kutoka mtaa hadi mtaa kwenda mazoezini bila kuulizwa ni nani. Hilo ndilo lililolengwa. Mitaa ya Bujumbura ilitenganishwa mmoja mmoja kwa kuua na kufukuza. Machi 1995 moto ulifika hata Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa imebaki mchanganyiko kwa muda mrefu kuliko mingine. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, mataifa jirani yaliweka vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999, na njia za kwenda nje zikabanwa. Ligi haikufa, watu waliendelea kucheza, na hilo pekee linastahili makala yake. Kilichokatika ni kamba iliyouunganisha mtaa na bara. Anayesema mpira ni jambo dogo mbele ya vita amesahau kwamba uwanja wa jiji, uliobeba jina la Louis Rwagasore kabla ya kuitwa Intwari, ulikuwa miongoni mwa sehemu chache ambapo mji mzima ulikaa pamoja. Kuandika habari zake ni kuandika ushahidi kwamba umoja huo uliwahi kuwepo.

Lakini vita si maelezo ya kutosha, na hapa natofautiana na wengi wanaonung'unika kwamba bila 1993 tungekuwa mabingwa. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwa na vita kama vyetu miaka ile, na bado, baada ya Breweries mwaka 1994, hakuna klabu ya nchi hizo, wala ya Rwanda, wala ya Burundi, iliyoonekana tena katika fainali ya bara hadi Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Karibu miaka 30. Sababu nyingine ilikuwa mashindano yenyewe kubadilika. Mwaka 1997 klabu bingwa iligeuzwa kuwa ligi yenye makundi. Mwaka 2004 Kombe la Washindi na Kombe la CAF yaliunganishwa kuwa Kombe la Shirikisho. Makundi yanamaanisha michezo mingi, safari nyingi na kikosi kipana, na hivyo pesa. Mfumo wa zamani wa mtoano uliipa nafasi timu yenye wachezaji 11 wazuri na mji nyuma yake. Mfumo mpya unaipa nafasi klabu yenye hazina. Yanga ilipofika fainali ile ilikuwa klabu ya aina hiyo, na hata hivyo ilipoteza kombe kwa USM Alger kwa kanuni ileile ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 Algiers. Simba ilifuata mwaka 2025, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco: 2-0 ugenini, sare ya 1-1 Zanzibar. Hakuna Mtanzania mwenye akili timamu anayeziita timu hizo za kubahatisha.

Yaliyofuata kwetu nayataja kwa ufupi. Mwaka 2013 Vital'O ilitwaa Kombe la Kagame nchini Sudan kwa kuifunga APR ya Kigali 2-0, ikawa klabu ya kwanza ya Burundi kulichukua. Ni ushindi wa kujivunia, na ulimfungulia njia ya Tanzania mshambuliaji Amissi Tambwe, ambaye baadaye alikuwa mfungaji bora wa ligi ya huko akiwa na Simba na tena akiwa na Yanga. Machi 2019 timu ya taifa ilitoka sare ya 1-1 na Gabon hapa Bujumbura na kufuzu Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza, miaka 26 baada ya zile penalti za Guinea. Wapo wanaoweka mojawapo ya haya mbele ya 1992. Sikubaliani nao. Kombe la 2013 lilikuwa la ukanda, na vigogo wa Tanzania walijitoa. 2019 ilikuwa kuingia mlangoni, na tulifungwa michezo yote mitatu bila kupata bao. Msimu wa 1992 ndio pekee ambao timu ya Burundi ilibaki na mpinzani mmoja tu barani.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ni ya kawaida na inawezekana. Matoleo ya gazeti la Le Renouveau ya mwaka ule yasomwe ukurasa kwa ukurasa, kumbukumbu za sauti za redio ya taifa zitafutwe, na wachezaji na viongozi walio hai wahojiwe kwa utaratibu, raundi kwa raundi, jina kwa jina, wakiwa bado na nguvu za kukumbuka. Kumbukumbu hizo zilinganishwe na za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, maana fainali zile tano ni historia moja iliyokatwa vipande na mipaka. Na katika kila kitabu kitakachoandikwa kuhusu mwaka 1992 nchini Burundi, katiba ipewe sura yake na Vital'O ipewe yake. Katiba ile ilidumu miaka michache tu, ikasitishwa na mapinduzi ya 1996. Sare ya Bujumbura dhidi ya timu iliyokuja kumshinda bingwa wa Afrika haijafutwa na mtu yeyote, na haipaswi kuendelea kufutwa na sisi wenyewe.